Makochi ya Kiganjani

Umewahi kuutazama mkono wa mtu anayekuletea mkate? Usinidanganye. Mkate unautazama, unaubonyeza kujua kama ni wa leo, halafu unafunga mlango. Hata mimi nilikuwa hivyo, pamoja na shahada yangu na hotuba zangu zote kuhusu haki za wafanyakazi, mpaka siku Kengele alipokitandaza kiganja chake juu ya meza ya shangazi yangu.

Shangazi ni fundi makochi. Miaka ishirini na sita amewakalisha watu vizuri, na yeye mwenyewe hukalia ndoo iliyopinduliwa. Kiburi chake ni kimoja tu: hajawahi kurudishiwa kazi.

Kengele husambaza mikate kwa baiskeli, kreti nne kwenye keria. Jina hilo alipewa kwa sababu husikika kabla hajaonekana. Siku hiyo alisema vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vimekufa ganzi, na breki haisikii tena. Kwenye mteremko unaoishia mlangoni kwetu alikuwa akishuka na kuikokota baiskeli, na madukani mikate ikawa inachelewa.

"Msimamizi kanipa mpaka mwisho wa mwezi," alimwambia Shangazi. "Nikiendelea kutembea na baiskeli kama nasindikiza mgonjwa, ananiweka ndani nifungashe mikate. Mimi, dada! Ndani! Si nitaota ukungu?"

Nikawaka. Nikasema ni kiwanda kinachopaswa kumnunulia glavu, na kwamba nitakiandikia barua kali.

"Andika, baba," Shangazi akasema, huku akimpima kiganja kwa futi ya kitambaa. "Ila barua haivaliki."

Akazishona glavu kama anavyojua kushona: sponji nene la kiti cha sebuleni, ngozi laini juu yake. Nilipozijaribu nilihisi nimeshika mito. Kengele alicheka mpaka akakohoa.

"Dada, haya ni makochi kabisa! Humu hata usingizi napata."

Siku ya nne alirudi akiikokota baiskeli, glavu kazibana kwapani. Sasa vidole vyenye ganzi vilikuwa vitatu.

"Zimerudi," Shangazi alisema, kwa sauti ya mtu anayepokea habari za msiba. Siku nzima hakunisemesha, na mimi sikuwa nimekosa lolote.

Kesho yake alimwita Kengele, akaupaka usukani wa baiskeli chaki ya buluu, ile anayochorea vitambaa.

"Shika kama unateremka. Bana breki. Haya, fungua mkono."

Buluu haikuenea kiganja kizima. Ilikuwa imejaa chini, upande wa kidole cha mwisho, karibu na kifundo. Shangazi akapabonyeza kwa dole gumba. Kengele akaruka.

"Hapo hapo! Imepiga mpaka kwenye ukucha!"

"Kuna mshipa hapa, na wewe umeukalia mwaka mzima," Shangazi alisema. "Na mimi nikaja nikauongezea mgeni mnene." Kisha akanigeukia. "Kiti kikiwa laini mno mtu huzama mpaka kwenye mbao. Wateja nawaambia kila siku. Mwenyewe nikasahau."

Jozi ya pili aliitengeneza polepole. Akachukua soli ya kandambili, ile raba ngumu kidogo, akaichonga vipande viwili vyembamba, akaviweka mbali kidogo kimoja na kingine, katikati ikabaki njia ya upana wa penseli ili mshipa upumue. Ngozi aliitoa kwenye kiti cha ofisi kilichovunjika.

"Hii imekaliwa miaka kumi na haijapasuka," alisema. "Itaushindwa usukani?"

Mishono akaisogeza nje, mbali na pale mkono unaposuguana na mpini. Kati ya dole gumba na kidole cha shahada, panapochakaa kwanza, akapitisha uzi mara mbili. Nyuma ya dole gumba akashona kipande cha taulo cha kufutia jasho. Kisha akaziloweka, akazianika, akauvuta kila mshono kwa meno.

Kengele alizivaa wiki mbili, mteremkoni akiendelea kukokota kwa amri ya Shangazi, na ganzi ikawa inaondoka kidole kimoja kimoja. Barua yangu ya kurasa tatu ilikuwa imeshafika kiwandani. Haijajibiwa. Nitaandika nyingine, maana wasambazaji pale ni kumi na wanane na Shangazi ni mmoja.

Siku moja kabla ya mwezi kwisha, Shangazi alimwambia: "Kesho usishuke kwenye baiskeli."

Asubuhi iliyofuata nilikaa kizingitini. Kengele ililia juu kabisa ya mteremko. Akaja, amekaa juu ya tandiko, viwiko vimelegea. Katikati, mwanamke mwenye ndoo mbili akavuka bila kutazama. Breki ikalia. Baiskeli ikasimama hatua tatu kabla yake, na kreti hazikusogea hata kidogo. Mwanamke akapita zake. Kengele akamalizia mteremko mpaka mlangoni petu, akainua mkono wa kulia na kuvichezesha vidole vyote vitano, cha mwisho kuliko vyote.

Shangazi alitoka. Hakumtazama usoni. Aliushika mkono ule, akaugeuza, akaukagua mshono wa dole gumba, akaona kijiuzi kimechomoza, akakikata kwa meno.

"Nenda," alisema. "Mikate inapoa."