Namba Mia Nne za Kwao

Sulabha Jagdale alikuwa mwoga tangu utotoni, na kwao hakuna aliyemficha hilo. Aliogopa mbwa aliyefungwa, aliogopa radi ya kijiji cha pili, aliogopa hata mwalimu aliyekwisha hamishwa. Kaka yake Hanmant alipenda kusema kwamba dada yake akienda kuchota maji hukiamkia kisima kwanza. Lakini mwoga huyo huyo ndiye aliyesoma mpaka akafika Pune, akaajiriwa kwenye kampuni ndogo ya watu kumi na mmoja inayotengeneza programu za kompyuta, na kwa miaka tisa hakuna kitu kilichomtisha pale isipokuwa lifti.

Ofisini walikuwa na mchezo wao wa Ijumaa. Inatajwa kazi moja, na atakayeiandikia programu yenye herufi chache kuliko wote, wenzake wanamnunulia mkate wenye kachori ya viazi. Watu wazima na ndevu zao, wanagombania mkate. Ijumaa hiyo kazi ilikuwa kutunga namba za magari mia nne za kubahatisha, zifanane na namba za kweli za jimbo, za kujaribia programu mpya. Programu yenyewe askari wa barabarani wangekuwa nayo kwenye simu zao: unaandika namba ya gari, inakuambia kama linatafutwa na kwa kosa gani. Wenzake walihangaika na kila mkoa na kila herufi. Sulabha akafupisha. Mwanzo akauandika moja kwa moja, MH 11 DK, kama ulivyo kwenye pikapu ya kaka yake, akaiachia kompyuta ibahatishe tarakimu nne za mwisho tu. Mahali pa kosa akachagua lililokuwa la kwanza kwenye orodha: kuiba watoto. Mstari mmoja, basi. Mkate akaula yeye.

Mtu yeyote wa Satara, wilaya ya kwao, angemwambia alichokifanya, maana namba hutolewa kwa mfuatano. Mwaka ule tangawizi ilipopata bei, nusu ya watu wa kwao walinunua magari ndani ya miezi miwili, wakayapasulia nazi, wakayafungia ndimu na pilipili mbele kuepusha kijicho, na yote yakatoka na DK. Sulabha hakubahatisha chochote. Aliwaandika majirani.

Jumatatu bosi wao, Bwana Paranjpe, akaiunganisha programu na simu za askari bila kumwambia mtu, eti aone kama inafika. Ilifika. Saa tano asubuhi Sulabha akakuta namba zake mia nne ziko barabarani kama za kweli, akazifuta zote. Lakini kuna mtu alikwisha upiga picha ukurasa wa kwanza na kuurusha kwenye makundi ya simu, na juu yake ameandika: Magari ya wezi wa watoto, mkiyaona yazuieni. Maji yamemwagika. Watu wa huko hawahitaji kuelezwa maneno kama hayo huzaa nini. Mwaka uliotangulia mpita njia mmoja alipigwa mnadani mpaka akafa, kisa amempa mtoto peremende.

"Bosi, tutoe tangazo," Sulabha alisema. "Tuseme kosa ni letu."

"Letu na nani? Ukisema leo, kesho tunafunga ofisi. Nyamaza, litapita."

"Na mtu akiumia?"

"Mtu gani, mama? Si umesema namba ni za kubahatisha?"

Akatoka hadi kwenye ngazi, akampigia Hanmant. Namba ya pikapu yake ilikuwa 4417, nayo kwenye orodha haikuwemo. Alikwisha itafuta mara tatu.

"Kaka, tafadhali, leo gari lako lisitoke."

"Umeota tena?"

"Sijaota. 4418 si ya jirani Shivdas? Si mlinunua siku moja?"

"Ndiyo, ya Shivdas. Kwani vipi?"

"Yuko wapi?"

"Amewapeleka watoto wa shule kwenye mashindano ya kho-kho, ule mchezo wa kukimbizana, ng'ambo ya mlima. Kumi na mmoja, wamejaa huko nyuma wanaimba. Na binti yangu yumo."

Namba 4418 ilikuwa ya sita kwenye ile picha, na gari lenyewe limejaa watoto. Alimweleza kaka yake kwa maneno machache, na kwa mara ya kwanza maishani Hanmant hakumtania. Alisema tu kwamba anawasha gari anawafuata, akakata. Kwa Hanmant ilikuwa safari ya saa moja na nusu.

Akampigia Shivdas. Simu inaita, haipokelewi. Akapiga mara saba. Mara ya nane ikapokelewa, na sauti haikuwa ya Shivdas.

"Wewe ndiye mnunuzi?"

"Naomba mwenye simu."

"Mwenye simu ana shughuli. Mimi naitwa Ankush, niko hapa mnadani na watu mia mbili. Sema, watoto mnawapeleka wapi?"

Nyuma ya sauti hiyo watoto walikuwa wanalia. Akamsikia Shivdas akisema ni wa shule, waulizeni wenyewe, na mtu mwingine akajibu kwamba wamefundishwa kusema hivyo. Kisha kikasikika kishindo, na Shivdas akaguna.

"Ankush, mwachie," ilisema sauti ya mtu mzima, askari wa pale mnadani. "Simu yangu haionyeshi kitu. Gari ni safi."

"Asubuhi ilionyesha, tumeona sote. Sasa haionyeshi. Umekula kiasi gani, mzee?"

Umati ukanguruma. Sulabha akaelewa kwamba kule kufuta kwake ndiko kulikomponza askari.

"Kaka Ankush, nisikilize," alisema. "Hizo namba nimezitunga mimi. Programu ya askari tunaitengeneza sisi. Ilikuwa majaribio."

"Umezitunga wewe. Na mimi ndiye waziri wa reli." Watu wakacheka.

Sulabha alirudi mbio mezani kwake, simu sikioni. Paranjpe akanyoosha mkono amzuie. Sijui mwoga yule siku hiyo alipata wapi ubavu, lakini aliusukuma ule mkono.

"Umekuja na chombo gani hapo?" alimwuliza Ankush.

"Pikipiki. Ya nini kuuliza?"

"Nitajie namba yake."

Ankush akalirudia swali kwa kicheko, na wenzake wa pale mnadani wakaitaja kwa dhihaka, kwa sauti ya pamoja: MH 11 BT 7306. Sulabha akaiandika. Kosa: kuiba watoto. Akabonyeza.

"Mwambie askari aitafute."

Askari akasoma kwa sauti, polepole, namba ya pikipiki, na kosa.

"Mmeona?" Sulabha alisema. "Nimeiweka sasa hivi, nimekaa kwenye kiti. Ndivyo ilivyokuwa kwa gari hilo."

Alitegemea watacheka, au wataona aibu. Lakini aliyesikika ni mtu mwingine, pembeni kidogo ya simu.

"Ankush, juzi ulikuwa umempakia mtoto wa nani?"

"Wa dada yangu. Wewe si unamjua?"

"Dada yako gani?"

"Acheni utani, jamani. Huyu mwanamke kaiandika sasa hivi, kaniambia mwenyewe."

"Mwanamke yupi? Wewe ndiye uliyeshika simu."

Sulabha alizisikia hatua zikisogea. Akasikia pia kwamba hakuna tena anayemshughulikia Shivdas, maana Shivdas alikuwa anawaita watoto majina, mmoja mmoja, wapande. Jina la binti wa Hanmant lilikuwa la tisa. Injini ikawaka.

"Dada," Ankush alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Ifute. Waambie waangalie, halafu uifute."

Kidole cha Sulabha kilikuwa tayari juu ya kitufe. Angefuta wakati ule, wangeigeukia tena pikapu, nayo bado inajipenyeza katikati ya watu, honi moja, honi mbili.

"Dada, ifute. Nina watoto wawili."

Sulabha alikuwa analia, na hakubonyeza. Alisikiliza mlio wa pikapu ukipanda gia, ukipanda tena, ukienda zake. Alisikia kofi, na simu ikianguka chini. Mlio ulipopotea kabisa ndipo akafuta, akapiga kelele kwenye simu mpaka askari akaiokota.

"Angalia sasa, afande. Onyesha wote. Imetoka?"

"Imetoka. Jamani, imetoka, tazameni. Rudini nyuma."

Ilichukua dakika kadhaa kabla Ankush hajapewa ile simu. Alikuwa anahema, na maneno yalimtoka kama ya mtu mwenye kitu mdomoni.

"Wamenivunja meno," alisema. "Ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia," Sulabha alisema.