Mahali Pasipouma

Wodini walimwita Chapchap, na jina hilo hawakumpa kwa kumkebehi. Wakati madaktari wenzake wa mafunzo walikuwa bado wanatafuta faili la mgonjwa wa tatu, yeye alikuwa amekwisha kupitia wanane, ametoa damu, amejaza fomu za maabara, na anamuuliza sista kama chai imefika. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mwembamba, mwenye raba zilizolia sakafuni kila alipokata kona. Ndoto yake ilikuwa upasuaji. Alipopangiwa miezi mitatu katika wodi ya kisukari na homoni, alirudi nyumbani akamlalamikia mama yake mdogo, aliyekuwa akiishi naye, kwamba amepelekwa mahali pa kusoma namba tu. Mama mdogo alikuwa mwalimu wa hisabati. Alimjibu kwamba namba hazijawahi kumuua mtu. Haukupita mwezi, Chapchap akamwambia kwamba huko kazini kwake zinaua.

Wodi ilikuwa na vitanda ishirini na vinne. Wengi waliolazwa walikuwa na vidonda vya miguu visivyotaka kupona. Wengine walikuwa vijana walioletwa hoi baada ya kuacha sindano, na kulikuwa na mama mmoja ambaye tezi ya shingo ilimfanya moyo uende mbio kana kwamba anafukuzwa. Kila asubuhi vidole vilitobolewa, tone la damu likawekwa kwenye kipimo, namba ikaandikwa kwenye chati. Kazi ya Chapchap ilikuwa kuitazama ile namba na kuamua mgonjwa apewe insulini kiasi gani, kisha daktari bingwa apite kwenye raundi akubali au akatae.

Fundi cherehani aliletwa Jumatatu mchana, na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mpole, shati limepigwa pasi hata kwa safari ya hospitali. Mkewe alibeba mfuko wa dawa zake. Sukari ilisoma kumi na tisa. Alikuwa akijidunga insulini mara mbili kwa siku, dozi kubwa ya kutosha watu wawili, na kila alipokwenda kliniki waliiongeza, nayo sukari haikushuka.

Chapchap alimuuliza anakula nini. Mzee akasema anakula anachopewa. Mkewe hapo akashindwa kunyamaza. Alieleza kwamba mwaka wa pili sasa sukari ya nyumbani anaifungia kabatini kwa kufuli, ufunguo anautia kwenye pochi yake, na bado mzee huyu anapata pa kuilamba, hajui wapi. Watoto wamempigia simu wakamsihi. Binti yao mkubwa amefika mpaka kulia. Mzee alitazama dirishani muda wote huo kama mtu anayesikia habari za jirani.

"Mzee wangu," Chapchap akamwambia, "hapa sisi si polisi. Lakini ukitudanganya sisi, mguu hautadanganyika."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Chapchap akamsikiliza mapafu, akambonyeza tumbo mara mbili juu ya shati, akatazama kidonda kwa makini, kisha akaketi kuandika. Fomu ya kulaza mgonjwa ilikuwa na mstari unaouliza hali ya sehemu anazojidunga. Akaandika: safi. Akaacha dozi ileile ya nyumbani, na yuniti nne juu yake.

Kesho yake asubuhi muuguzi alimdunga pajani, kama walivyozoea pale. Saa nne mkewe alikuja mbio kwenye meza ya wauguzi. Alisema mzee amemtukana, na katika miaka thelathini na tisa ya ndoa hajawahi kumtukana. Chapchap alimkuta ameloa jasho, macho yamemtoka, anasukuma shuka na kumuita yeye kwa jina la mtu mwingine. Kipimo kikasoma mbili nukta moja. Alikimbia kuleta glukosi, akaisukuma taratibu kwenye mshipa. Dakika chache baadaye mzee alipepesa macho, akauliza kwa nini watu wamemzunguka.

Sista mkuu alikuwa mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Mzee alipokwisha kunywa chai na kula mkate, alimfungua vifungo vya shati na kupitisha kiganja tumboni. Kisha akaushika mkono wa Chapchap na kuuweka hapo. Kulia na kushoto kwa kitovu kulikuwa na vivimbe viwili vya mafuta, vigumu kiasi, kila kimoja ukubwa wa nusu ya limau. Kwa macho vilionekana kama kitambi cha kawaida. Kwa mkono havikujificha.

"Unajidunga hapa kila siku?" Chapchap akauliza.

"Hapo hapaumi," mzee akasema. "Nimeshika sindano ya kushonea miaka arobaini, dokta. Ukipata mahali inapopita bila taabu, utahangaika na kwingine kwa nini?"

Mambo yakawa wazi. Insulini ilikuwa ikidungwa ndani ya vile vivimbe na kukwama humo, damu ikipata kidogo tu. Kliniki wakaongeza, mzee akadunga palepale. Ilipoingia pajani kwenye nyama nzima, dozi yote ikafanya kazi mara moja.

Chapchap alirudi mezani akafungua faili. Neno lile, safi, lilikuwa linamtazama. Nafasi iliyobaki kwenye mstari ilitosha kuongeza maneno mawili matatu, na wino ulikuwa uleule. Alikaa nalo kidogo. Kisha akashuka mstari mpya, akaweka tarehe na saa, akaandika kwamba jana hakuzigusa sehemu hizo, kwamba zina uvimbe, na kwamba dozi aliyoagiza ndiyo iliyoishusha sukari. Bingwa alipokuja akasoma mara mbili. Alimuuliza kama familia imeambiwa. Alipojibu bado, akamwambia aende yeye mwenyewe, wala asimtume mtu.

Akaenda. Aliwaeleza kosa lake bila kuzunguka, akaomba radhi. Mzee alisema yamekwisha. Mkewe ndiye aliyekawia. Alikuwa amekunja kitenge mapajani, anakikunjua, anakikunja tena.

"Kwa hiyo hakuwa anaiba," akasema.

"Hakuwa anaiba, mama. Nami nilimshuku."

Mama alimgeukia mumewe. "Na wewe kwa nini hukusema?"

"Nilisema," mzee akajibu. "Nilisema mwaka wa kwanza."

Chapchap alijisingizia kutazama dripu, akawaacha.

Dozi ilipunguzwa hadi chini ya nusu, na mzee akafundishwa kuzungusha sindano, leo paja hili, kesho lile. Kidonda kilifunga baada ya wiki saba. Wiki zilizofuata Chapchap alichelewa kumaliza raundi, kwa sababu alimfungua shati na kumpapasa kila mgonjwa anayejidunga insulini. Wengine walinung'unika, na mzee mmoja mkorofi akamuuliza kama anamtafuta mtoto tumboni mwake. Hakuacha. Aliwakuta wengine watatu wenye vivimbe. Bingwa alipomshawishi abaki kwenye fani yao, alimshukuru akasema moyo wake bado uko kwenye upasuaji.

Wiki ya mwisho ya Chapchap pale, fundi alikuja kliniki. Sukari ilikuwa nane. Alilalamika kwamba pajani panauma, naye akamwambia anajua. Kisha mzee akauliza kama anaweza kupata barua ya kuonyesha nyumbani. Binti yake mkubwa, alisema, bado anamtazama kwa jicho la pembeni kila akinyoosha mkono kwenye chai. Chapchap akaiandika palepale, aya moja, kwa maneno mepesi, akaigonga muhuri wa wodi na kumsomea kabla ya kuikunja.