Betri za Baba Mdogo Juu ya Bati

Watu wa kwetu wanaanika betri. Sisemi nguo, sisemi dagaa. Nasema betri, zile ndogo za tochi na redio. Zikiisha nguvu hawazitupi. Wanazing'ata kwa magego, wanazipanga juu ya bati kama vipande vya muhogo, na jioni wanazirudisha kwenye redio huku wakimshukuru Mungu kwa kutupa jua. Redio inakoroma kidogo halafu inazimika tena, na hiyo wanaiita kupona. Nimezaliwa katika ukoo huo na upuuzi huo haujawahi kuniingia akilini.

Bingwa wa kuanika alikuwa baba yangu mdogo, mdogo wake Baba wa tumbo moja, mfuga ng'ombe wa Butiama. Akija kwetu Mwisenge, kabla hajashika kikombe cha chai alishazipanga betri zake juu ya bati la jiko. Redio aliining'iniza shingoni kwa kamba ya katani hata kanisani. Padri akianza kuhubiri aliizima, ingawa si kila mara.

Ningemwacha na jua lake kama si meli ya Baba.

Baba alifanya kazi chumba cha injini kwenye meli za ziwani mpaka akastaafu. Alipostaafu, macho yakaanza kumwacha. Ilikuwa presha ya macho, na daktari alimwambia wazi kwamba kilichokwisha kuondoka hakirudi. Akawa anaiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kabla bomba halijaziba, aliamua kuitengeneza upya meli aliyoitumikia, lakini ndogo, ya urefu wa mkono wangu, kwa mbao laini na mabati ya madebe. Ndani aliweka mota na betri ya kuchaji aliyoitoa kwenye taa ya sola. Rimoti ya kuiongozea tuliipata Mwanza kwa mtu aliyekuwa ameichoka: sanduku zito lenye antena ndefu na kidirisha chenye mshale. Mshale ukisimama kwenye kijani, betri ni nzima. Ukiangukia kwenye nyekundu, kwisha habari.

Alitaka jambo moja tu, na alilirudia mpaka majirani wakalijua.

"Nataka niione ikigeuka, mama," aliniambia, kwa maana Baba ameniita mama tangu nilipozaliwa. "Kwenda mbele hata gogo linakwenda. Nataka niione ikigeuka kurudi, kwa macho yangu haya."

Macho yenyewe hayakuwa ya kusubiri. Kwa hiyo kazi ya kuitia rimoti umeme niliichukua mimi, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumwamini.

Rimoti ilikula betri ndogo nane. Hapo ndipo nilipowajua wauza betri, na tangu hapo siwapi heshima yoyote. Mtaa wa Mukendo niliuziwa betri za rangi ya dhahabu, nyepesi kama maganda ya karanga. Mshale ulipanda kwenye kijani, ukatetemeka, ukalala. Nilipozirudisha, muuzaji aliniuliza kama nimejaribu kuzianika. Fundi redio wa jirani yake, mwenye maoni mengi kuliko vifaa, alinishauri niunge waya kwenye betri ya pikipiki na kuibeba mgongoni kwa kanga. Alilisema hilo akiwa ameketi, bila haya, mbele ya wateja. Nilisonya nikaondoka.

Mtu mwenye akili nilimpata Bunda, mpiga picha za harusi. Mtu ambaye mwanga wa kamera yake ukigoma wakati wa kuvishana pete atakabiliwa na koo mbili, huyo hachezi na betri. Aliniuzia nane za kuchaji pamoja na chaja, akanionya nisizichanganye na nyingine hata siku moja, kwa sababu mbovu huziangusha na nzima. Nilizichaji Jumamosi kutwa, umeme ukikatika na kurudi. Nikazitia kwenye rimoti, nikakifunga kifuniko kwa mpira, nikaiweka kabatini. Nililala usingizi mzuri sana.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, tulikwenda Makoko, ufukweni, maji yakiwa bado yametulia. Baba alisimama kwenye jiwe bapa amevaa kofia yake ya kazini. Baba mdogo, aliyekuwa amelala kwetu, naye alikuja, bila kualikwa, redio shingoni. Nilivuta antena, nikatazama mshale: kijani. Nikaitia meli majini.

Iliondoka vizuri, mota ikinguruma, na Baba alikuwa ameikazia macho kupitia lile bomba lake, mdomo wazi. Ilipofika umbali wa kutosha nilisukuma kijiti cha usukani kushoto. Haikugeuka. Nikasukuma tena. Mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu, na meli, ambayo hakuna aliyeiambia isimame, iliendelea kwenda moja kwa moja kuelekea ziwa kubwa.

"Imegeuka?" Baba aliuliza. Ilikuwa imeshamtoka machoni.

"Inageuka, Baba. Subiri kidogo."

Ndipo nikaisikia redio. Ilikuwa ikiimba kwaya kwa sauti safi ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwenye lile kopo. Nilikifungua kifuniko cha rimoti. Betri nne zilikuwa za mpiga picha wangu. Nne nyingine zilikuwa na kutu mwishoni na alama za meno.

Nilimtazama baba mdogo, naye hakujificha.

"Mimi nilichukua nne tu, mwanangu, nikakuachia nne," alisema. "Na zangu nilizianika jana kutwa. Huwaga zinarudi."

Nilizitoa zile nne kwenye redio yake shingoni mwake, kamba ikimkaba, nikazitia kwenye rimoti. Mshale ukapanda. Nilisukuma usukani mpaka kidole kikauma, lakini meli ilikuwa imeshafika mahali ambapo rimoti haisikiki.

"Imegeuka?" Baba aliuliza tena.

"Ndiyo hiyo, Baba, imeanza kulala upande."

"Haijageuka, kaka," alisema baba mdogo. "Inaenda. Ni betri zangu."

Baba alitega sikio mpaka mngurumo ukaisha, kisha akaomba ashikwe mkono ateremke kwenye jiwe. Mimi nilijibu kwa niaba yetu wote wawili. Nilimwambia baba mdogo kwamba mtu anayepika betri juani kama muhogo asiguse kitu cha watu wenye akili, na kwamba angekuwa na haya japo kidogo angenyamaza, asimwongezee mgonjwa uchungu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

Wavuvi wa dagaa waliikuta meli kwenye matete, imepinduka, wakaileta wakicheka. Mbao zilipona, lakini kile kifaa cha ndani kinachopokea amri za rimoti kilikuwa kimekunywa maji kikafa. Kupata kingine kulichukua msimu mzima wa mvua, na mvua zilipokwisha Baba alibakiwa na mwanga tu: alijua mlango uko wapi, na kama mtu amesimama mlangoni, basi.

Nilidhani angeiacha habari ya meli. Aliniambia nichaji betri.

Safari hii nilizibeba kwenye mkoba wangu hata nikienda bafuni. Baba mdogo, ambaye alikuwa amekuja tena kutoka Butiama, nilimpiga marufuku kuikaribia rimoti, na tulipofika Makoko alikwenda mwenyewe kusimama mbali, kwenye mawe wanakoanikia nyavu. Nilimwona ameizima redio. Nikasema moyoni, afadhali.

Meli iliondoka. Mahali palepale nilisukuma usukani, na safari hii ilitii. Ililala upande, ikachora nusu duara, ikaelekea kwetu.

"Imegeuka, Baba! Imegeuka!"

Baba hakusogea. Alikuwa ameuelekeza uso kwenye maji, pembeni kidogo ya mahali ilipokuwa meli.

"Sikuulizi wewe, mama," alisema taratibu. "Mdogo wangu yuko wapi?"

Ikabidi niite. Baba mdogo alikuja akiruka mawe kwa viatu vyake vya matairi, akanizunguka kwa mbali kwa sababu nilikuwa nimeshika rimoti, akasimama karibu na kaka yake. Baba alimwuliza swali lilelile. Yule mzee wa kuanika betri alikinga jua kwa mkono, akatazama bila haraka.

"Imegeuka, kaka," alisema. "Imetuelekezea uso. Inakuja."

Baba akaivua kofia, akaibana kifuani, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Baba mdogo aliendelea kumweleza, sasa imefika hapa, sasa imefika pale, na Baba akawa anageuza kichwa kuifuata. Niliileta meli mpaka ikagusa mchanga mbele yao, na hakuna aliyeniuliza kitu.