Nauli ya Ngano

Juzi, katika duka la ushirika, mama mmoja wa kijijini kwetu Dirma alitaka kilo nne za unga wa ngano. Ng'ombe wake wamekauka maziwa na wajukuu wana njaa. Karani akamwamkia shikamoo, kisha akamtajia bei mpya.

"Marahaba. Mbona imepanda hivyo, mwanangu?"

"Usafiri, mama. Unga unatoka Arusha."

"Na ngano ya Arusha inalimwa wapi?"

Karani akanyoosha kidole dirishani, kwenye shamba la serikali ng'ambo ya barabara.

"Pale nilipokuwa nachungia! Basi niuzie kabla haijaondoka."

"Utaratibu hauruhusu, mama. Lazima iende kwanza."

Akaondoka na kilo mbili. Wengi wetu Arusha hatujafika, lakini ngano yetu tunailipia kwenda na kurudi.