Siku Niliyojitia Kujua Kuogelea Katonga

Jamani, nyie mliosoma nami Kigoma, naomba msianze kucheka kabla sijamaliza, maana aibu niliyoipata siku ile pale ufukweni Katonga hata mke wangu nimemsimulia nusu tu (ile nusu yenye nguo).

Nilikuwa mwaka wa kwanza, mtoto wa Dodoma, ziwa nimeliona kwa mara ya kwanza nikishuka kwenye treni. Dada yangu Tabitha alikuwa mwaka wa pili chuo hichohicho, nahodha wa netiboli, anajulikana kila kona, na mimi nikawa naitwa "mdogo wake Tabitha" mpaka na walimu, nikachoka. Basi mwalimu wa michezo akatangaza mashindano ya kuogelea na chuo jirani, akauliza nani anaweza, nikanyoosha mkono. Mkono tu! Nilidhani watatuchuja, kumbe waliotakiwa ni wanne, na tuliojitokeza ni wanne.

Siku yenyewe vyuo viwili vimejaa ufukweni, na pembeni kinamama wakimbizi, waliovuka kutoka Kongo miaka ile ya vita, wanaanika dagaa. Dada akaja mbio, akamwambia mwalimu mbele ya watu wote, "Mwalimu, huyu hajui kuogelea. Kwetu hata mto wenyewe una maji miezi mitatu!"

Ningenyamaza hapo, ningepona. Nikajibu kwa sauti, "Mwacheni, ananionea wivu!" Watu wakaangua kicheko, dada akaondoka kainamisha kichwa, nami nikapanda mtumbwi na bukta ya kuazima (ya rafiki yangu mwenye kitambi, nimeikaza kwa fundo moja tu), tukapelekwa penye kina ili tuogelee kurudi nchi kavu.

Filimbi ikalia, nikaruka. Sikilizeni, maji ya Tanganyika ni maangavu, unaona mpaka pale mwanga unapoishia, na chini ya hapo ni giza, nami nikawa naelekea hukohuko. Nikapiga mikono, nikanywa maji, nikaibuka, nikasikia watu wanashangilia (walidhani ndio mtindo wangu!), mwenye mtumbwi alishawafuata wa mbele, nikazama tena, na katikati ya makelele yote nikasikia sauti ya dada, "Mdogo wangu anakufa!"

Mkono ukanikamata kwapani. Mwanamke.

"Weye, usikamate shingo yangu! Lala mugongo, tazama mbingu!"

Nikalala, nikatazama mbingu. Alinivuta kwa mkono mmoja, taratibu, bila kuhema, kama mtu anayerudi zake nyumbani kutoka sokoni, na mpaka leo sijaona nguvu ya namna ile kwa binadamu.

Aliponisimamisha ufukweni kelele zikakatika ghafla, ndipo nikajua bukta imebaki ziwani. Mbele ya vyuo viwili! Timu nzima ya netiboli! Mkuu wa chuo na mkewe! Yule mama hakucheka. Aliokota kitenge alichokuwa amekivua mchangani, akanifunga kiunoni kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, akarudi kwenye dagaa wake huku nguo zinamchuruzika maji.

Kesho yake mimi na dada tukamrudishia kitenge, kimefuliwa na kupigwa pasi. Wenzake wakatunong'oneza kwamba mtumbwi wao ulipinduka wakati wa kuvuka, yeye akafika na mtoto mmoja mgongoni, wawili wakabaki ziwani, na tangu siku hiyo hakuwahi kutia hata unyayo majini, maji ya kufulia alikuwa akichotewa na wenzake. Nikakaa chini mchangani.

Dada akamuuliza, "Mama, uliwezaje?"

Aliendelea kugeuza dagaa. "Nilisikia weye unamulilia mudogo yako. Kile kilio minakijua. Miguu ikaenda yenyewe."

Tulirudi chuoni. Getini nikamwambia dada, "Nisamehe." Akanitazama, midomo inamcheza kati ya kulia na kucheka. "Nimeshakusamehe. Ila kesho darasani uvae na mkanda."

Kuogelea nilijifunza baadaye, nikianzia maji ya magotini. Lakini kiapo changu si cha maji: mtu wangu akinionya mbele za watu, hata aniumbue vipi, sitamgeuza kichekesho tena.