Nyoka Aliyehubiriwa Matangani

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msidhani bibi yenu alizaliwa anajua kusoma. Nilijifunza kwenye ngumbaru, mtu mzima mwenye watoto sita, miaka ile ya themanini tulipokuwa tukikaa karibu na Matsangoni. Kitabu cha kwanza nilichokisoma mwenyewe, kidole juu ya mstari, ni Biblia. Nawaambia mapema: hakikunitia amani. Kilinitia shuku.

Mwaka huo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alifiwa na binti wa miaka miwili. Degedege lilimshika Jumatatu asubuhi, na kabla hatujafika barabarani kutafuta gari la Malindi, alikuwa amekata roho mgongoni mwa mamake. Mume wangu alikuwa kazini Mombasa, kwa hiyo neno la shemeji ndilo lililosikika pale nyumbani.

Matangani mwalimu wa kanisa alisimama akahubiri habari za bustani ya Edeni. Akasema uovu hakuuleta Mungu, uliletwa na nyoka, na nyoka alipitia kwa mwanamke. Kisha akaongeza la kwake: kila nyumba ina nyoka wake. Nikaona macho yanageuka, moja moja, kuelekea jamvi alipoketi mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Jumapili, siku moja kabla ya msiba, yeye ndiye aliyemwogesha yule mtoto kwa maji ya majani, kama alivyowaogesha wangu wote. Na macho yake yalikuwa mekundu, ambayo kwetu watu huyaita ya mchawi. Mwanamke aliyepikia kuni maisha yake yote, awe na macho ya rangi gani? Lakini nami nilitazama. Siwafichi: jioni ile nilimwondoa kitindamimba wangu chumbani kwake. Mavyaa alikunja mkeka wa mtoto, akanipa.

Ndipo nikaanza kutafuta. Kwenye Mwanzo nyoka nilimkuta, sawa. Lakini hapo hapo imeandikwa Mungu alitazama vyote alivyovifanya akaviona vyema. Basi nyoka alifanywa na nani? Kwa Isaya nikakuta Mungu mwenyewe asema heri yatoka kwake na ubaya watoka kwake. Kwa Yakobo nikakuta Mungu hamtii mtu majaribuni, ni tamaa ya mtu mwenyewe. Na Yesu asema mabaya hutoka moyoni. Nimewahi kukaa barazani kwa chifu nikisikiliza kesi. Mashahidi wanne wakisema mambo manne, mtu mwenye akili hafumbi macho akasema amina.

Nilimwendea mwalimu shambani kwake. Shamba lenyewe la mihogo aliazimwa na shemeji yangu, na hilo pia nililiweka moyoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Habari za msiba?"

"Ndio ulionileta. Uovu watoka kwa nani? Wewe wasema nyoka. Isaya hakusema hivyo. Yakobo naye ana yake."

Akacheka. "Ngumbaru umemaliza lini?"

"Mwezi wa pili huu."

"Basi ndiyo sababu. Maandiko si ya kusomwa na kidole."

"Kidole kimefuata yaliyoandikwa. Kama kimepotea, nionyeshe kilipopotea."

Akaacha kucheka. Akasema ubaya wa Isaya ni maafa, kama njaa na vita, si dhambi. Maafa huletwa na Mungu, dhambi huletwa na mtu.

"Na kifo cha mtoto wetu? Ni maafa au ni dhambi?"

Alishika jembe lake, akalitazama. "Hilo mwajua nyinyi wenyewe huko nyumbani."

Nikaondoka bila kuaga. Mtu aliyejua nyoka yu katika kila nyumba, leo hajui.

Nilipofika nikakuta shemeji amekwisha kupanga. Kesho yake mavyaa apelekwe bara, upande wa Vitengeni, kwenye kiraho. Kiraho ni kiapo cha papai: hukatwa, husomewa maneno, mshtaki na mshtakiwa wakala. Mwenye uovu midomo humvimba. Na kikongwe akivimba hana tena pa kurudi, wengine huuawa hata kabla ya kufika nyumbani. Mavyaa alikuwa kizingitini anafunga leso zake mbili kwenye furushi.

"Shemeji," nikasema, "papai mtakula wangapi?"

"Mimi na yeye. Kwani wewe una njaa?"

"Ninayo. Imeandikwa uovu hutoka moyoni. Moyo wa mama sijauona. Wangu nimeuona, tangu nilipomnyang'anya mtoto."

"Haya, ngumbaru wetu amekuwa padri!" Jamaa waliokuwa uani wakacheka, hata mkewe aliyekuwa analia.

Sikusema mavyaa hana hatia. Sikujua. Amekufa kitambo kwa uzee, na hata leo sijui alitia majani gani katika maji yale, wala sitaapa kwa ajili yake. Lakini wale waliocheka nao sikuwaamini. Nikasimama katikati ya ua, nikawaambia:

"Mama hatoki hapa na mtu mmoja. Tukienda, twende sote tuliomtazama kwa jicho baya, na huyo mwalimu wenu aitwe. Sisi tutakula kwanza. Asiyethubutu kutia papai hilo kinywani mwake, ashike jembe aende shamba, na furushi la mama lirudishwe ndani sasa hivi."