Mwanamwema Hajasamehe

Mwanamwema wa mtaa wa Jabe si mtu wa kupatana naye haraka, na hilo lijulikane tangu mwanzo. Ukimpelekea kanzu yenye doa la mafuta atakusema kwanza, kisha ataifua, kisha atakuonyesha kwamba doa limetoka, kisha atakusema tena. Lakini kanzu zake, mashallah! Wanaume wanatoka mtaa wa Buyenzi na mizigo yao kichwani kuja kupanga foleni mlangoni kwake kila Idi inapokaribia. Mume wake alikufa mapema, akamwachia nyumba ya vyumba viwili, ua wenye kamba za kuanikia, na mtoto wa kike, Wafa. Matusi ya mteja anaweza kuyameza, lakini mguse Wafa uone.

Nyuma ya ukuta wa ua huo kuna kiwanda cha sabuni. Ndiyo, sabuni! Mwenyewe alikuwa Mzee Obeid, ami yake marehemu mume wa Mwanamwema, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara waliokuja Bujumbura enzi za mababu. Zamani walichemsha mawese kwa kuni na hakuna aliyesema kitu. Kuni zilipopanda bei, Obeid akaona njia ya mkato: matairi. Malori yakawa yanamwaga getini magurudumu yaliyokufa, na mafundi wanayatupa motoni. Mchana upepo wa ziwa ukianza kuvuma, moshi mweusi unashuka juu ya ukuta na kukaa uani kwa Mwanamwema, juu ya kanzu za watu, ndani ya sufuria ya maharage, puani na kooni.

Kanzu zinafuliwa tena. Kifua cha Wafa utakifua na nini? Mtoto alianza na kikohozi, halafu pumzi ikaja na mluzi, halafu akawa hawezi kutembea mpaka shule bila kuchuchumaa njiani. Daktari hakumzungusha mama. Alimwambia ni pumu, na kwamba moshi huo ukiendelea kuna siku pumzi ya mtoto itakwenda na haitarudi. Mwanamwema alitoka hospitali amembeba Wafa mgongoni, mtoto mkubwa wa kwenda shule, na toka siku hiyo hakuwa na jambo jingine duniani ila kuuzima moto ule.

Alianza kwa adabu, msije mkasema alianza kwa shari. Alijitanda vizuri, akaenda dukani kwa Obeid.

"Salaam aleikum, Ami. Mutoto wa mwanenu anakosa pumzi. Nakuomba, rudisheni kuni kama zamani."

Obeid alikuwa anakunywa kahawa. Hakuweka kikombe chini.

"Kama moshi inakuuma, we hamia Kibenga, kule kando ya ziwa. Hewa ni mingi kule."

Vijana wa dukani wakaangua kicheko. Kibenga! Mwanamke anayefua nguo za watu ahamie Kibenga kwa matajiri! Na yeye Obeid alikwisha kuhamia Kinanira zamani, juu mlimani, ambako moshi wa kiwanda chake haufiki hata kwa kualikwa. Mwanamwema alirudi nyumbani na hasira. Neno lile lilimkaa rohoni na hakulitoa.

Jirani yake Daphrose, muuza mboga wa soko la Jabe na mtu wa kanisa, ndiye aliyesema inatosha. "Tunamununulia sabuni, yeye anatulisha matairi? Tuwache kuinunua!" Wakapita mlango kwa mlango. Wanawake wakaanza kuagiza sabuni ya Uvira, ng'ambo ya mpaka. Halafu wakaanika shuka jeupe asubuhi, jioni wakalikunja na weusi wake, kesho yake wakalipeleka ofisi ya komine kundi zima.

Afisa wa komine aliliangalia kwa mbali. "Mama, hii ni vumbi ya kiangazi."

Daphrose akapitisha kidole kwenye shuka, akakipangusa kwenye mkono wa shati la afisa, papo hapo mezani kwake. Mstari mweusi ukaganda, una mafuta. "Vumbi gani inanata hivi, shefu? Nenda ukaifue nyumbani, utuambie."

Walifukuzwa, bila shaka. Wakaenda kukaa chini getini kwa kiwanda saa malori yanapoingia, na shefu wa karitie, mkuu wa mtaa, akaja kuwatisha kwamba watalala kasho ya polisi. Wengine wakasimama wakaondoka. Wengine wakaja kuwapigia kelele, na hao ndio waliouma zaidi, wake wa wafanyakazi wa humo ndani, wanawake waliokuwa wakiazimana chumvi na Mwanamwema.

"Mutoto wako mumoja tu, ndiyo wetu wote walale njaa?"

"Mi nimesema wafunge kiwanda? Nimesema wawache matairi! Munasikia kwa masikio ama kwa visigino?"

Hawakumsalimia tena. Alhamisi moja, kanzu za Ijumaa zikiwa kambani, mtu alirusha mawese juu ya ukuta yakazilowesha zote. Mwanamwema alizifua upya huku analia, na si kwa huzuni, kwa uchungu wa kukosa wa kumpiga. Moto uliendelea kuwaka. Wafa alikwisha kuacha shule.

Halafu Mzee Obeid akafa. Moyo tu, huko Kinanira, baada ya chakula.

Sasa hapa ndipo mwanawe Haitham alipofanya kosa. Kinanira ni kuzuri kwa kuishi, ila ukifa huko nani atakuswalia? Msikiti wa ukoo uko chini, watu wako chini. Basi maiti ikateremshwa Jabe, kwenye nyumba ya zamani ya familia, ambayo inapakana na kiwanda kama ya Mwanamwema inavyopakana nacho. Na kiwanda hakikusimamishwa. Kulikuwa na oda ya sabuni inayongojwa, Haitham akasema kazi iendelee, baba mwenyewe angependa hivyo. Mtu amelala ndani ya sanda, na matairi yake yanawaka ukuta wa pili!

Mwanamwema alikwenda msibani. Ni ukoo, angekosaje? Alimenya vitunguu na wenzake, akaketi na wanawake nyuma ya pazia, Wafa amelala mapajani kwake na mluzi wake kifuani. Adhuhuri ikakaribia, upepo wa ziwa ukaamka, na moshi ukashuka uani. Masharifu wakakohoa. Watu wakubwa waliotoka Kinanira na magari yao wakajifunika leso puani. Hakuna aliyethubutu kusema neno, maana ni msiba.

Jeneza likatolewa. Sheikh Abdu akasimama mbele yake akasema kile kinachosemwa kila mara kabla ya maiti kuondoka.

"Ndugu zangu, marehemu alikuwa binadamu kama sisi. Kama alimukosea mutu kwa ulimi ama kwa mukono, familia inamuombea musamaha. Mumemusamehe?"

"Tumemusamehe!" wanaume wakaitika, na wabebaji wakainama kushika jeneza.

"Mi apana."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Wabebaji wakabaki wameinama. Katika Jabe yote hakuna aliyewahi kusikia jambo kama hilo, maana swali lile huulizwa ili kuitikiwa, basi. Dada wa marehemu akamrukia Mwanamwema, akamshika bega.

"Huna haya, we mwanamuke! Maiti iko mbele yako!"

"Haya ninayo. Mutoto wangu ndiye hana pumzi." Mwanamwema alisimama na Wafa mikononi, akalisogeza pazia, akatoka kusimama mbele ya wanaume wote. "Nilimuendea Ami kwa heshima. Akaniambia nihamie Kibenga. Sheikh, umeuliza, mi nimejibu. Sijamusamehe."

Kelele zikalipuka. Huyu anasema atolewe nje, yule anasema amelaaniwa. Haitham alikuja mbele macho mekundu, akamwambia Sheikh aendelee, amwache mwanamke mwenye kichaa. Sheikh Abdu aliinua mkono kuwatuliza watu. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaende vizuri, na siku hiyo hayakwenda.

"Haitham, haki ya mutu iko kwa mutu mwenyewe," akasema hatimaye. "Mi siwezi kumusamehe baba yako kwa niaba yake. Muongee naye."

Haitham akamgeukia Mwanamwema. "Shemeji, unataka nini?"

"Unajua ninachotaka. Kinakukoholesha na wewe hapo uliposimama."

Na kweli alikuwa anakohoa. Kutoka nje ya geti, walikosimama majirani Wakristo waliokuja kutoa pole, Daphrose akapaza sauti, "Na sisi hatujamusamehe!" Halafu nyuma ya pazia mmoja akasema "Hata mi." Huyo alikuwa mke wa fundi wa moto mwenyewe, mmoja wa wale waliomtukana getini. Halafu mwingine. Haitham aliliangalia jeneza la baba yake, limekaa juani, punje za masizi zinatua juu ya kitambaa chake. Wote pale walijua kwamba baba hatatoka uani vile, hajasamehewa.

Akamwita fundi. "Zima."

"Bosi, mafuta yataganda mu pipa..."

"Nimesema zima!"

Walingoja. Jeneza lilingoja, watu waliovaa vizuri walingoja juani, na hakuna aliyeketi. Moshi ukapungua, ukawa mwembamba, ukaisha. Haitham akasema mbele ya Sheikh na mbele ya jeneza la baba yake kwamba tairi halitawaka tena humo. Ndipo Sheikh Abdu akamgeukia Mwanamwema.

"Ami Obeid nimemusamehe," Mwanamwema akasema. "Mungu amupokee." Kisha akamtazama Haitham usoni. "We bado."

Jeneza likabebwa. Haitham alilifuata.

Ahadi aliishika, hilo tumpe. Sijui kama ni dini au ni aibu. Kiwanda sasa kinachoma maganda ya kahawa, moshi wake ni mwepesi, na hakuna mfanyakazi aliyelala njaa, kinyume na kelele zilizopigwa getini. Wake za wafanyakazi wameanza kumsalimia Mwanamwema tena. Wengine anawajibu.

Idi ikaja. Mji wote unapeana mikono, tusameheane, tusameheane, waliogombana mwaka mzima wanakumbatiana. Haitham alishuka kutoka Kinanira na kanzu mpya na sinia la pilau, akasimama mlangoni kwa Mwanamwema. Majirani wakachungulia. Wafa alikuwa kizingitini na gauni lake la sikukuu.

"Idi mubarak, shemeji. Tusameheane."

Mwanamwema hakuupokea mkono. Sinia alilipokea, kwa sababu chakula hakina kosa, akaliweka ndani. Kisha akamwambia Wafa, "Kimbia mpaka musikiti, urudi."

Wafa akakimbia. Haitham alibaki amesimama, mkono hajui auweke wapi. Mtoto alikwenda vizuri, aligusa ukuta wa msikiti, akageuka, na alipofika kwenye duka la pembeni akaanza kutembea. Alifika mlangoni amejishika mbavu. Mama yake alipiga magoti, akaweka sikio kwenye kifua chake juu ya gauni, akafumba macho.

Mluzi ulikuwepo. Ulikuwa mdogo kuliko zamani, lakini ulikuwepo.

"Njoo, shemeji. Sikiliza mwenyewe."

Haitham, na kanzu yake nyeupe, alipiga magoti mavumbini na kuweka sikio pale alipoonyeshwa. Aliponyanyuka kanzu ilikuwa na vumbi magotini.

"Bado," Mwanamwema akamwambia. "Rudi Idi ijayo, tumusikilize tena."